Mwaka wa Besi Bila Leander

Juni 6, 1987. Jumamosi

Daftari hili ameniletea Celina kutoka Toronto. "Mama, kama hutaki kusema na mtu, basi sema na karatasi." Binti yangu siku hizi anaongea kama daktari wa kwenye runinga. Nimemwambia sina la kusema. Kaliacha juu ya meza chini ya bakuli la mayai, akarudi zake mjini.

Haya, niandike. Mimi Rozalia Etmanskie, miaka hamsini na miwili, nina vibanda vitano vya wageni na mashua mbili hapa Ziwa Osowa. Mume wangu Leander ndiye aliyekuwa anawapeleka wageni kuvua samaki wa besi. Machi 14 alikuwa anarudi nyumbani na pikipiki yake ya theluji, barafu ikakatika karibu na mlango wa mto. Wapiga mbizi wa polisi waliipata pikipiki. Walitafuta siku sita. Yeye hawakumpata.

Leo mvua.

Juni 9

Chini ya gati letu kuna besi dume analinda kiota. Ni duara la changarawe tupu, safi kama sinia iliyosuguliwa, futi sita chini. Maji ya Osowa yanaonyesha kila kitu. Nauona hadi wekundu wa macho yake. Jike hutaga akaenda zake, dume ndiye anayebaki. Samaki mwingine akisogea anamkimbiza, kisha anarudi palepale, anayapepea mayai kwa mapezi.

Leander alizoea kuja hapa na kikombe cha kahawa. Ananiita, "Rozka, njoo umwone mwenzangu!" Mimi nasema nina kazi.

Juni 10

Bado yupo.

Juni 11

Yupo. Upepo wa kaskazini. Nimepaka rangi mlango wa kibanda cha tatu.

Juni 14, Jumapili

Baada ya misa Padre Stachura kanishika mkono. Eti ni wakati wa kumwombea Leander misa ya wafu, watu wanauliza.

"Maiti iko wapi, Padre?"

"Rozalia, Mungu anajua alipo."

"Basi akuambie na wewe, uniambie mimi."

Kauachia mkono wangu. Ni mtu mwema, nilimkosea. Lakini sikurudi kumwomba radhi kwa sababu nyuma yake alisimama Dominik, kofia mkononi.

Dominik ni mdogo wake Leander. Hana mke wala mtoto, anaishi peke yake ng'ambo ya ziwa, mkabala na dirisha langu la jikoni. Siku ile Leander alikuwa kwake. Kila Jumamosi ya baridi alikwenda kwake, wanavua kupitia tundu la barafu, wanacheza karata, wanakunywa, mara nyingine analala hukohuko. Siku ile Dominik alimwacha avuke jioni. Mtu aliyezaliwa kwenye ziwa hili, anayeijua barafu ya Machi kama anavyojua jina lake, amwache ndugu yake avuke!

"Shemeji," kaniita.

Nimempita kama ninavyompita mbwa.

Juni 19

Mayai yameanguliwa. Watoto ni weusi, wadogo kama mbegu, wamejikusanya kama kiwingu juu ya changarawe. Baba yao anawazunguka. Amekonda.

Juni 23

Kiota kitupu. Watoto wametawanyika, naye kaenda.

Nimekaa gatini mpaka mbu wakanifukuza.

Juni 27, Jumamosi

Msimu wa besi umefunguliwa leo. Wageni wawili kutoka Ottawa wameondoka na mashua ndogo alfajiri, wamerudi na furaha na ngozi nyekundu ya jua. Hawakuhitaji mtu wa kuwaongoza. Afadhali.

Nilipokuwa naosha vyombo niliinua macho nikaiona mashua ya kijani ya Dominik. Imesimama juu ya Meza.

Meza ni jiwe. Katikati ya ziwa, mahali ambapo kina ni futi mia mbili na ushee, jiwe linapanda peke yake mpaka futi thelathini na kuwa bapa juu. Kwa juu huoni kitu, ni maji tu. Baba mkwe ndiye aliyeligundua, akawaonyesha wanawe wawili na hakumwonyesha mtu mwingine. Leander hakumpeleka mgeni pale mpaka awe amemjua miaka mitano. Besi wakubwa wote wa kiangazi hukaa pale.

Ndugu yake hajapata hata kaburi, na yeye siku ya kwanza ya msimu kakimbilia samaki wake.

Juni 28

Kijani, palepale.

Juni 30

Palepale. Anakwenda na kurudi, polepole, kama anayelima.

Julai 2

Palepale. Nimeshusha pazia la jikoni.

Julai 5, Jumapili

Kafika Bwana Pruitt. Julai ya ishirini na mbili hii anakuja kutoka Ohio. Alikuwa fundi saa. Ana miaka sabini na tisa, jicho moja limekufa na la pili anasema linaumwa. Nilimwandikia Aprili kumweleza. Akajibu mstari mmoja: "Nitakuja vilevile."

Ameshuka garini, kanikumbatia muda mrefu, ananuka tumbaku ileile. Kisha kauliza, "Kesho ananipeleka nani?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Kwani ziwa linachagua?"

"Ziwa halichagui. Mgongo wangu ndio unaochagua. Leander alikuwa ananinyanyua kama mtoto kunipandisha mashuani."

"Mimi ninanyanyua magunia ya viazi, Mzee. Wewe ni mwepesi."

Amecheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka. Nikaenda stoo, nikafunga mlango, nikalia.

Julai 6

Nimempeleka Ghuba ya Mierezi. Sikuwa nimeshika fimbo ya kuvulia tangu nilipokuwa msichana. Nilidhani mikono imesahau, kumbe.

Maji yalivyo, ukiegemea ukingo unaona mawe yote mpaka futi ishirini chini, na juu ya mawe unaona kivuli cha mashua yako mwenyewe kikitembea. Besi nao wanakiona. Lazima utupe mbali, mshipi mwembamba kama unywele, na chambo kifike chini kabla hujavuta pumzi ya pili. Chambo ni kamba wa ziwani, wale wenye magando.

"Umevuta mapema," kaniambia Bwana Pruitt.

"Hata huuoni mshipi wangu, utajuaje?"

"Nausikia. Rozalia, sikiliza. Mumeo alinifundisha hivi: besi akigusa, usifanye kitu. Mwache ageuke aondoke nacho. Atakwambia mwenyewe."

Wa tatu aligusa. Kama mtu anayegonga mlango kwa kidole kimoja. Nikangoja. Mshipi ukaanza kutembea pembeni, taratibu, nikakaza. Loo! Alipanda kutoka chini kama kitu kilichorushwa, akaruka juu ya maji mwili mzima, rangi ya shaba, michirizi ubavuni, akitikisa kichwa kwa hasira, akaitema ndoana kwenye uso wangu.

"Kaenda?" anauliza Mzee.

"Kaenda."

"Mkubwa?"

"Mkubwa kuliko mdomo wako."

"Hapo ndipo ulipompata Leander, unajua? Alinisimulia. Eti msichana mmoja alimpoteza samaki, akamtukana yule samaki mpaka kaka zake wakaziba masikio. Akasema huyu simwachi."

Sikujua kwamba aliwahi kuwasimulia watu habari hiyo.

Tumepata saba baada ya pale. Wote tumewarudisha majini. Mzee huwa anamshika kila mmoja chini ya tumbo, mkono ndani ya maji baridi, mpaka samaki apige mkia aondoke mwenyewe. Hana haraka. Nilimwangalia huku naona mikono mingine.

Julai 7

Upepo. Tumebaki nyumbani. Nimepika pierogi, mikate midogo ya kuchemsha yenye viazi ndani. Mzee kala kumi na nne.

Julai 9, Alhamisi

Leo yamenitoka.

Bwana Pruitt kaomba twende Meza. Nikamwambia Meza kuna mtu. "Basi tukamwambie atupishe," kasema, "nimefika kule miaka kumi na saba, nina haki zangu." Nikawasha injini. Njia nzima nayapanga maneno. Dominik alitusikia, akazima injini yake akatungoja, amesimama.

"Huoni aibu?" nikaanza hata kabla mashua hazijagusana. "Ndugu yako yuko humu chini, nawe unavua juu ya kichwa chake! Kila siku! Nakuona! Samaki wake, jiwe lake—"

"Shemeji."

"Usiniite shemeji!"

"Sivui samaki," kasema.

Akainama, akanyanyua alichokuwa akikivuta. Kamba nene, ndefu, imezungushwa kwenye pipa zima. Mwishoni chuma chenye kulabu tatu, kizito kama nanga. Mwani umening'inia. Ndani ya mashua hakukuwa na fimbo hata moja. Kulikuwa na ramani aliyoichora mwenyewe kwa penseli, imegawanywa miraba, na miraba mingi ina alama ya kukatwa. Viganja vyake, Mungu wangu, ni nyama tupu.

Bwana Pruitt, aliyekuwa haoni vizuri, kauliza, "Nini? Ana nini mkononi?"

"Tangu lini?" nikamuuliza Dominik.

"Tangu barafu ilipoondoka. Mei 2." Kaitazama ramani. "Mkondo wa mto unakuja huku. Kama ulimchukua, ulimleta huku. Chini baridi sana, ndio maana haelei. Ziwa hili halirudishi watu, shemeji. Lazima ufuate."

Nikageuza mashua.

Tulipofika gatini Bwana Pruitt kasema, "Mtu yule atakufa kwa kazi ile." Nikamwambia kufa si rahisi hivyo, angekuwa ameshakufa. Maneno ya kijinga. Bado nimemkasirikia Dominik. Anamtafuta sasa! Angemzuia siku ile, asingekuwa na haja ya kumtafuta.

Julai 10

Nimepandisha pazia.

Julai 18, Jumamosi

Bwana Pruitt kaondoka. Jana jioni kamvua besi wake mkubwa, ratili tano na nusu, pale pale Ghuba ya Mierezi. Alimshika majini muda mrefu kuliko wengine. Samaki alikuwa ameshapona, anataka kwenda, naye bado kamshika.

"Mwache, Mzee."

"Ngoja kidogo. Kwa jicho hili sitarudi tena."

Leo asubuhi kaniomba nimwite kwa jina lake la kwanza. Miaka ishirini na miwili, sikuwahi. Anaitwa Hollis. Nimemwambia, "Kwaheri, Hollis." Kaendesha gari polepole sana, katikati ya barabara.

Julai 26

Wageni wa Sudbury. Wanakunywa zaidi ya wanavyovua.

Agosti 3

Joto. Besi wameshuka, hawaonekani tena kwenye mawe ya pembeni. Matunda ya buluu yameiva mlimani nyuma ya nyumba. Nimechuma ndoo mbili.

Agosti 4

Ndoo moja nimeipeleka ng'ambo nikaiacha kwenye gati la Dominik wakati yuko Meza. Pamoja na kopo la mafuta ya nta ya nyuki ya kupaka viganja. Sikuacha barua. Aelewe anavyoelewa.

Agosti 6

Ndoo nimeikuta kwenye gati langu asubuhi. Imejaa kamba wa magando, hai, kwa ajili ya wageni. Ameifunika kwa majani mabichi wasikauke.

Agosti 15, Jumamosi

Sikukuu ya Bikira Maria. Tumepeleka maua na mitishamba kanisani kubarikiwa, kama kila mwaka. Dominik alikaa nyuma. Mikono yake imefungwa kitambaa. Safari hii sikumpita kama mbwa. Nilimwinamishia kichwa, na yeye akainamisha.

Agosti 29

Mvua siku tatu. Mashua ya kijani imetoka siku zote tatu.

Septemba 5, Jumamosi

Celina amekuja kwa siku tatu. Anataka niuze. "Mama, utakaa hapa na nani? Baridi ikija utazungumza na nani, na jiko?"

"Jiko halinijibu ovyo."

Hakucheka. Ana macho ya baba yake, hasa akiudhika.

Alasiri kachukua mashua akaenda kwa ba'mdogo wake. Sikumkataza. Amekaa huko saa mbili. Aliporudi alikuwa amelia.

"Kasema nini?"

"Kasema kosa ni lake. Kwamba walikunywa, na hakumzuia baba."

"Unaona sasa."

"Ndiyo, mama." Alikuwa anasugua sahani iliyokwisha kutakata. "Lakini alivyosema... Nilimuuliza baba aliondoka saa ngapi, alisema nini, alivaa nini. Vyote kajibu haraka. Nikamuuliza kwa nini baba hakulala kama siku zote, na hapo akanyamaza. Halafu akasema yaleyale, neno kwa neno. Kama mtoto aliyekariri sala."

Nikamwambia apumzike, amechoka na safari.

Sikulala vizuri.

Septemba 7

Celina kaenda. Nimemwambia siuzi mwaka huu.

Septemba 20

Majani ya miti yanageuka rangi. Wageni wa mwisho wamefunga mizigo. Maji ya pembeni yamepoa, na unaona mbali zaidi kuliko wakati wowote wa mwaka. Nimeegemea gati nikaona changarawe, chupa ya zamani, mti uliozama kabla sijazaliwa, kila kitu.

Septemba 28

Bado anakwenda. Asubuhi sasa kuna sakitu, ganda jeupe la barafu, kwenye mashua, namwona akiikwangua.

Oktoba 4, Jumapili

Hakuja kanisani. Niliangalia nyuma mara tatu.

Oktoba 10, Jumamosi

Nitaandika yote, kwa utaratibu, maana sitaki kuyakosea.

Asubuhi shwari, baridi kali, ziwa kama kioo. Nikavaa koti la Leander nikavuka kwa mashua mpaka Meza. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia: acha. Maji yamekuwa ya kuua. Akianguka na kamba ile hana dakika tano.

Amekonda. Ndevu zimemjaa. Alikuwa anavuta kamba, mvuke unamtoka mdomoni.

"Inatosha, Dominik."

"Imebaki miraba tisa."

"Hata ibaki mmoja. Inatosha."

"Miraba tisa, shemeji. Wiki moja."

Nikafunga mashua yangu kwenye yake, nikavuka nikakaa kwenye benchi ya mbele. "Haya. Vuta. Nitakaa hapa mpaka umalize, tugande wote."

Alinitazama, hakujua afanye nini na mimi. Akavuta. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili hakuna, tawi bovu tu. Moyo wangu ulikuwa unasimama kila chuma kinapopanda. Na yeye kapitia hivyo tangu Mei, kila siku, mara arobaini kwa siku.

Baada ya mara ya tano mikono ikamkataa. Akakaa. Akatazama mashine yake ya kupima kina, ile inayochora kwenye karatasi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Besi wamejaa hapa. Tazama. Wameshuka futi arobaini na tano, wote wamekusanyika ukingoni mwa Meza."

"Leander alikuwa anasema Oktoba ndio wanene."

"Leander alikuwa anasema mengi."

Kwenye mashua yangu kulikuwa na fimbo mbili. Sijui nani alianza. Tukashusha mishipi.

Wangu aliuma mara moja. Hakuruka, wa kina kirefu hawaruki. Alivuta tu kuelekea chini, mzito, kichwa kikigonga gonga. Nilipomfikisha juu niliona alikuwa mkubwa kuliko wa Bwana Pruitt. Nikamtoa ndoana, nikamrudisha majini. Akageuka tumbo juu. Nikamgeuza, akageuka tena. Tumbo limevimba kama puto. Anapiga mkia, anataka kushuka, hawezi.

"Nimemuua," nikasema.

"Hujamuua. Hewa ya ndani imetanuka kwa kupanda ghafla. Hawezi kurudi peke yake." Akachukua chubwi zito, lile la kuzamishia mshipi, akalifunga ndoana aliyoibana kijino chake isinase, akaichomeka taratibu kwenye mdomo wa samaki. Akanipa mshipi. "Mshushe. Polepole. Akifika kule kwake kina kitambana, atakuwa sawa, utavuta kidogo itachomoka."

Nikaanza kumshusha. Maji yalikuwa maangavu, nilimwona akienda, wa shaba, kisha wa kijani, kisha kivuli, kisha sikumwona. Mshipi unapita vidoleni mwangu. Na nikiwa namshusha hivyo nikasikia nimesema:

"Dominik. Asubuhi ile ya Machi nilimwambia Leander neno."

Akaiweka fimbo yake chini.

"Alikuwa anavaa viatu aje kwako. Nilikuwa na hasira, Jumamosi nzima peke yangu, kila Jumamosi. Nikamwambia, 'Ukilala huko tena, basi ulale moja kwa moja.' Hivyo. Ndilo neno langu la mwisho kwake. Hata Celina hajui. Hata Padre sijamwambia."

Mshipi ulikuwa umefika. Nikawa nimeushika tu.

"Najua," kasema Dominik.

Nilidhani sikusikia.

"Najua, shemeji. Aliniambia."

Akavua kofia. Nywele zimekuwa nyeupe mwaka huu, sikuwa nimeona.

"Nilimwambia alale. Ilikuwa imeanza kuyeyuka mchana, nilimwambia barafu ya mlango wa mto siipendi. Nikamficha ufunguo. Akautafuta nyumba nzima kama mtoto, akaukuta kwenye kopo la sukari. Akasema, 'Rozka kaniambia nikilala, nilale moja kwa moja. Unamjua yule, atanifungia mlango kweli.' Alikuwa anacheka, shemeji. Nataka ulijue hilo. Hakuwa na kinyongo hata kidogo. Alikuwa anacheka, akaenda."

"Ulimwambia Celina ulimwacha."

"Nilimwacha. Nilikuwa na uwezo wa kumwangusha chini nikamfunga kamba. Sikufanya."

"Miezi saba, Dominik. Miezi saba nakutukana. Nimekupita kanisani mbele ya watu wote. Kwa nini hukusema?"

Yeye si mtu wa maneno, Leander ndiye aliyechukua maneno yote ya familia ile.

"Ningekwambia nini? Kwamba alivuka kwa sababu yako? Ungeishije? Nilikuona siku ile ufukweni, wakati wapiga mbizi wanafungasha. Nikasema moyoni, huyu akijua kwamba mimi najua, naye atamfuata. Basi nikasema nilimwacha. Ukanichukia, ukawa unaamka asubuhi. Nikaona inafaa."

"Na haya makulabu?"

"Nilitaka nikupe kaburi. Nilidhani angalau hilo naliweza."

Nililia pale mashuani kama sijawahi kulia, mdomo wazi, mbele ya mwanamume niliyekuwa siwezi hata kumtazama. Hakunigusa. Alikaa tu, anayumba na mashua. Baadaye kanionyesha mkono wangu kwa kidevu. "Vuta kidogo," kasema. Nikavuta. Chubwi likaja jepesi. Ndoana tupu.

Mwisho akazungusha kamba yake yote ndani ya pipa, akafunga kulabu kwa gunia. Imechukua muda. Nilimsaidia kushika upande mmoja. Miraba tisa imebaki bila alama.

Oktoba 11

Nimeamka nikitaka kumkasirikia mtu. Hakuna aliyebaki.

Oktoba 13

Nimempigia Celina simu nikamwambia yote. Kisha kasema, "Mama, mimi nimewahi kumwambia baba nenda ukafie mbele. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Alikwenda kuninunulia aiskrimu ya vanila."

Oktoba 24

Dominik alikuja kuzitoa mashua majini. Tumezigeuza juu ya magogo. Kanionyesha ufa kwenye ile ndogo, kasema ataziba majira ya kuchipua. Nimempa supu ya kabichi. Anakula kama Leander, kichwa chini, bila kupumua.

Novemba 1, Jumapili

Novemba Padre husoma majina ya marehemu wa parokia, kila Jumapili, orodha nzima. Kila familia huandika ya kwake kwenye karatasi na kuitia sandukuni mlangoni. Nilisimama pale na penseli. Mama mkwe, baba mkwe, mama yangu, baba yangu, kaka yangu aliyekufa utotoni. Wote nimewaandika miaka yote, mkono unajua. Watu wakawa wanapita nyuma yangu.

Nimeandika: Leander Etmanskie.

Dominik alikaa nami kwenye benchi la mbele. Padre Stachura anasoma haraka haraka, kama mtu anayehesabu kuku, majina yanashikana. Alipofika kwenye lile alipunguza mwendo. Alilisoma lote, taratibu. Dominik alikuwa anatazama viganja vyake. Vimepona, makovu yamekuwa meupe.

Nje nimemwomba Padre radhi kwa maneno ya Juni. Kasema hayakumbuki. Anayakumbuka.

Novemba 9

Theluji ya kwanza. Haikukaa.

Novemba 22

Hakuna cha kuandika.

Novemba 29, Jumapili

Kesho msimu wa besi unafungwa, ingawa hakuna mtu aliyetoka kuvua kwa wiki mbili.

Dominik alikuja mchana kwa mashua, yake bado iko majini, alileta kuni. Tulikula. Alisimulia jinsi Leander alivyomfundisha kuogelea: alimsukuma gatini kisha akaruka na nguo zake zote kumfuata, akasahau kwamba mwenyewe hajui. Baba yao ndiye aliyewatoa wote wawili kwa kuwashika nywele. Tumecheka mpaka nikashika ubavu.

Jua lilipokuwa linashuka alisimama akachukua koti. Nikatazama dirishani. Ghuba yote ilikuwa imeshika barafu tangu tulipokaa mezani, nyembamba kama ganda la yai, na mashua yake imezungukwa.

"Ni utando tu," kasema. "Injini itaupasua. Dakika kumi niko kwangu."

"Lala hapa."

"Shemeji, ni dakika kumi."

"Kibanda cha kwanza nimewasha jiko tangu saa nane. Kitanda nimetandika. Nimesema lala, Dominik. Kesho tutazunguka kwa barabara."

Alisimama pale na koti mkono mmoja limevaliwa, mmoja bado. Aliitazama ghuba, akanitazama mimi. Kisha akaketi tena kwenye kiti, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.